Sauti ya mtu haitoki vizuri kwenye spika ndogo: tafuta ugonjwa kabla hujanunua nyingine

Mimi nasikiliza usiku, watoto wakishalala, spika mbili ndogo mezani na mimi mbele yake, umbali kama wa mkono ulionyooka, sauti iko chini kiasi kwamba mtu aliyeko koridoni hasikii kitu. Na nachosikiliza zaidi ni watu: taarab ya zamani, kaswida, masimulizi ya redio, na kaseti moja ya marehemu bibi yangu akituhadithia habari za sungura na fisi, ambayo niliihamishia kwenye kompyuta kabla mkanda haujaliwa na fangasi. Kwa kusikiliza kwa namna hii besi ya kutikisa madirisha haina kazi. Kinachotakiwa ni midrenji, yaani lile eneo la katikati ambalo ndimo ilimo sauti ya binadamu, udi, fidla, kanuni, na hilo eneo likiharibika kidogo tu sikio linajua palepale, kwa sababu tangu tumezaliwa tunasikia watu wakiongea.

Miaka kadhaa nyuma niliuza spika nzuri kabisa kwa bei ya kutupa, kisa bibi alikuwa anasikika kama anaongea akiwa kisimani. Nikanunua nyingine, nazo zikatoa kisima kilekile. Ndo nikajua kisima kilikuwa kwenye meza yangu. Ile inaniuma mpaka leo, na ndo maana nimeandika haya kwa kufuata dalili, anza na vitu vya bure kabisa, hela iwe ya mwisho.

Kwanza uwe na sauti unayoijua

Usipime spika kwa wimbo ambao hujawahi kumsikia mwimbaji akiwa amekaa mbele yako, maana hujui yeye mwenyewe yukoje na fundi wa studio kamfanyia nini. Mrekodi mtu wa nyumbani, mke, mama, kaka, dakika mbili tu anasoma chochote, simu ikae kama nusu mita kutoka mdomoni, na arekodiwe nje kwenye uwanja mtulivu au chumba chenye godoro na nguo nyingi ili mwangwi usiingie. Tumia programu ya kurekodi ya kawaida, sio voisi noti ya WhatsApp kwa sababu ile inabanwa sana ili iende haraka. Halafu cheza kwa spika MOJA tu, mtu mwenyewe asimame pembeni ya hiyo spika aseme sentensi zilezile, kwa ukubwa uleule wa sauti. Wahandisi wa BBC kule Uingereza walikuwa wanapima hivyohivyo, mtu anaongea studio mbele ya maikrofoni, wao wanalinganisha kinachotoka kwenye spika na mtu mwenyewe. Dakika tano za hii kazi zinakwambia mengi kuliko wiki nzima ya kusoma maoni ya watu.

Umeshasikia tofauti? Sasa ipe jina, ni tofauti gani.

Dalili: sauti nzito, ya pipa, mwanaume anaongea kama kifua kimejaa

Hii ndo inayosumbua wengi na mara nyingi spika haina kosa. Besi ikitoka kwenye boksi dogo inasambaa pande zote, sasa ukuta ukiwa karibu nyuma yake inarudishwa mbele na kuongezeka, ukiiweka kwenye kona inaongezeka tena, meza nayo inaongeza ya kwake. Kila ukuta mmoja unaweza kuongeza mpaka desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kule chini. Sauti ya mwanaume inaanzia kama hezi 85 mpaka 180 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, ndogo ni nzito, kubwa ni nyembamba), ya mwanamke kama 165 mpaka 255, kwa hiyo hicho kinachoongezeka sio besi ya ngoma peke yake, ni kifua cha huyo mtu anayeongea.

Vuta spika mbele sentimita ishirini, sikiliza, vuta tena. Kama iko ndani ya kabati au shelfu ya vitabu, itoe, au angalau uso wake utokeze mpaka ukingoni usiache mbao mbele yake. Ikiwa ina tundu la hewa nyuma, chukua soksi safi, ikunje, uzibe hilo tundu. Mimi moja nilizibaga kwa soksi ya mwanangu na haijawahi kutoka tena, maana kwa sauti ya chini ile besi iliyopotea sikuitafuta na sauti ya mtu ikakaa sawa. Na gusa meza wakati mtu anaongea, weka kiganja kabisa: ukisikia inatetemeka ujue meza yenyewe inaimba, basi weka kitu laini chini ya spika, sponji ngumu, hata kandambili za zamani ukazikata vipande vinne zinafaa.

Dalili: sauti ya puani, au kama ya simu, na ukisogeza kichwa inabadilika

Hicho ndo kilikuwa kisima changu. Sikiliza kwa makini hapa. Sauti inakufikia mara mbili, moja inakuja moja kwa moja kutoka kwenye spika, ya pili inagonga uso wa meza kwanza halafu inaruka kuja sikioni, inachelewa kidogo sana. Zikikutana, kuna mahali zinasaidiana na mahali zinauana.

Tuchukue meza ya kawaida. Twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba za juu, iko sentimita 20 juu ya meza, sikio lako liko sentimita 40 juu ya meza, kati yenu sentimita 80. Njia ya moja kwa moja ni kama sentimita 82 na nusu, njia ya kugonga meza ni sentimita 100 kamili. Tofauti sentimita 17 na nusu. Sauti inasafiri mita 343 kwa sekunde, ukipiga hesabu hiyo tofauti ni nusu ya wimbi la hezi 980 hivi, maana yake pale karibu na hezi 1000, katikati kabisa ya sauti ya mtu, unapata shimo, na shimo lingine karibu na hezi 3000 ambako ndiko herufi zinakotofautishwa. Hapo ununue spika ya milioni, shimo lipo tu, kwa sababu linatengenezwa na meza.

Kipimo chake: laza kioo kidogo juu ya meza, kisogeze mpaka ukiwa umekaa uione twita ndani ya kioo. Hapo ndo sauti inapogonga. Weka mto mnene hapohapo, cheza sauti ya mtu wako, toa mto, rudisha. Ukisikia puani kunafunguka na kufunga umeshakamata ugonjwa. Dawa ni kuinua spika, twita ifike usawa wa sikio, na zisogee mpaka ukingo wa meza ulio upande wako au zikae kwenye stendi nyuma ya meza kabisa. Kama huwezi, zilaze mgongo kidogo zikutazame usoni. Laptopu iliyofunguliwa katikati nayo inarudisha sauti, ifunge au ishushe.

Kuna sababu ya pili yenye dalili karibu hiyohiyo. Spika nyingi ndogo zina koni (ile kubwa ya besi na sauti za katikati) chini na twita juu, na krosova, yaani sakiti iliyo ndani ya boksi, inagawa kazi kati yao mahali fulani kama hezi 2000 mpaka 3000. Ukikaa mbali vinaungana vinakuwa kitu kimoja, ila ukiwa sentimita 60 sikio likipanda au likishuka kidogo, umbali wa koni na wa twita haulingani tena na pale kwenye makabidhiano panatokea pengo. Kuijua ni rahisi, meza isipohusika kabisa (spika weka kwenye stuli), inuka taratibu huku mtu anaongea. Sauti ikibadilika rangi, tafuta urefu unaokaa vizuri, kwa kawaida ni usawa wa twita au kati ya twita na koni, ukishaupata ubaki hapohapo. Na usilaze boksi ubavu kwa ajili ya kupendeza, hilo pengo unalihamishia kushoto na kulia ambako kichwa chako ndo kinacheza sana.

Dalili: mwimbaji haonekani yuko wapi, sauti nyembamba, besi imepotea

Nyaya zimepishana upande mmoja. Nyekundu imeingia kwenye nyeusi, basi koni moja inaenda mbele wakati nyingine inarudi nyuma. Cheza kitu cha mono, yaani sauti ileile inayotoka sawasawa spika zote mbili, kwa mfano ile rekodi yako, mtu anatakiwa awe katikati kama amekaa kati ya spika. Akiwa anaelea huku na huku au kama yuko nyuma ya kichwa chako, geuza waya wa spika MOJA tu uone. Spika za mtumba ambazo fundi alishawahi kuzifungua usiamini rangi za nje. Chukua betri ya volti 1.5, gusisha mara moja chanya kwa chanya, koni iruke kuja mbele. Zote mbili ziruke upande mmoja. Hii ni kwa spika zisizo na amplifaya ndani, zenye umeme wake usiziguse na betri.

Dalili: ukishusha volyumu upande mmoja unazima kabla ya mwenzake

Hii inawakuta wasikilizaji wa sauti ya chini peke yao, ndo maana muuzaji atakwambia mbona iko sawa tu. Nobu ya volyumu kwenye amplifaya nyingi ndani yake ina njia mbili za kaboni, moja kushoto moja kulia, na mwanzoni mwa mzunguko zile njia huwa hazilingani vizuri. Wewe unaishi palepale mwanzoni. Angalia: spika inayotoa desibeli 85 kwa wati 1 kwa umbali wa mita 1, ukitaka desibeli 65 ambayo ni zaidi kidogo ya maongezi ya kawaida, unahitaji wati 0.01. Sehemu moja ya mia ya wati! Sasa umefunga amplifaya ya wati mia, nobu itakuwa wapi kama sio imeganda mwanzoni kabisa.

Shusha volyumu ya laptopu au simu mpaka theluthi, halafu pandisha nobu ifike karibu na katikati. Kama chanzo hakina volyumu, vipo viplagi vidogo vinachomekwa katikati ya waya vinapunguza desibeli 10 au 20, bei yake ndogo. Nobu ikiwa pia inakwaruza unapoizungusha, ni vumbi, dawa ya kusafishia elektroniki na kuizungusha mara nyingi umeme ukiwa umechomolewa inasaidia.

Dalili: ikiwa chini haina uhai, unajikuta unaongeza, unaongeza, mpaka mtoto anaamka

Sababu ya kwanza ni sikio lenyewe. Watafiti Fletcher na Munson walishalionyesha mwaka 1933 kule Marekani: sauti ikipungua, sikio linaacha kusikia besi haraka zaidi kuliko midrenji, na trebo, yaani sauti nyembamba za juu, nayo inapungua kidogo. Ndo maana amplifaya za zamani zilikuwa na swichi ya laudnesi, inarudisha besi kwa sauti ya chini. Kama yako inayo, hapa ndo kazi yake, kama haina ongeza besi desibeli mbili tatu kwenye ikwalaiza (sehemu ya kuongeza au kupunguza besi na trebo kwenye simu au kompyuta), usizidishe. Lakini kama hata hivyo sauti ya MTU ndo imekufa, sio besi, basi spika ina shimo katikati. Hizi zipo nyingi sana madukani, zimetengenezwa besi na trebo zimesimama kama mabega, katikati kumelala, kwa sababu dukani kwenye kelele zinavutia. Nyumbani kwa sauti ndogo zinabaki chwichwi na dududu, mtu hayupo.

Sababu ya pili watu hawaifikirii: chumba. Zima pangaboi halafu usikilize tena. Mimi nilishangaa. Pangaboi, friji, AC ya jirani, jenereta, hizo zinafunika maneno yote madogo, na unapoongeza volyumu unashindana na feni. Kama joto halikuruhusu kuzima, sogea karibu zaidi, kila ukipunguza umbali kwa nusu unapata kama desibeli 6 bila kumsumbua mtu, na kadri unavyosogea ndivyo kuta za zege na vigae vya sakafuni vinavyopungua nguvu ya kukuvuruga.

Dalili: herufi S inachoma, sikio linachoka baada ya nusu saa

Geuza spika zisikutazame machoni moja kwa moja, zitazame nyuma ya mabega yako. Halafu angalia chanzo, faili lililobanwa sana likipita kwenye bluututhi ya bei nafuu linatoa S yenye mchanga, jaribu waya. Ikiendelea ni twita au krosova, na hapo ikwalaiza desibeli mbili chini kati ya hezi 3000 na 6000 inatuliza. Wataalamu wa studio wamewahi kuteseka na hili, spika ya Yamaha NS-10 ya mwaka 1978 ilikuwa kali juu kiasi kwamba mafundi wengi walikuwa wanatundika karatasi ya tishu mbele ya twita, na bado waliipenda kwa jinsi ilivyoanika midrenji.

Dalili: shiii, au mngurumo wa mmm usiokoma

Kwa aliyekaa mbali hausikiki, wewe uliyekaa karibu unakuharibia kimya chote. Chomoa waya wa chanzo. Shiii ikibaki ni amplifaya iliyo ndani ya spika, haitibiki, sogea au badilisha, na hii ndo kitu cha kukagua KABLA ya kununua spika zenye umeme wake: iwashe bila muziki, weka sikio umbali utakaokaa. Mngurumo je, chomoa chaja ya laptopu. Ukikoma, njia ya ethi (waya wa usalama unaoenda ardhini) inazunguka kati ya vifaa. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, au weka kile kiboksi cha transfoma cha kutenganisha kwenye waya wa sauti. Kukata pini ya ethi ambako mafundi wa mtaani wanashauri USIKUBALI, siku umeme ukivuja utapita mwilini mwako.

Kama spika ni za mtumba

Ukanda wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, unyevu na joto vinamaliza spika. Ile duara ya sponji inayoshika koni inaoza, ukiigusa inabaki kidoleni kama majani makavu, sauti inakwaruza au inakuwa na pumzi. Raba inadumu zaidi. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, ishuke na kurudi bila kukwaruza. Sponji inabadilishika, sio msiba, ila itoe kwenye bei. Twita iliyofifia upande mmoja kwenye spika ya miaka thelathini mara nyingi ni kapasita za krosova zimechoka, fundi mwangalifu anabadilisha zote za pande mbili kwa pamoja, thamani ileile iliyoandikwa, asikisie.

Umepita kote huko na bado? Sasa ni spika

Hapa ndo utoe hela. Mfano wa kujifunzia ni spika iitwayo LS3/5A, BBC waliibuni katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, mahali padogo ambapo mtu anasikiliza kwa karibu na kazi kubwa ni sauti za watu. Boksi lililofungwa kabisa, kama lita 5, urefu sentimita 30, koni ya inchi 5 aina ya B110 na twita T27, zote za kampuni ya KEF. Haina nguvu, inatoa kama desibeli 83 tu, besi ya chini haina, waliinua kidogo tu ile ya juu yake ili isisikike nyembamba. Waliamua kuacha vitu viwili, kelele na besi, wapate midrenji. Za zamani sasa hivi bei yake inatisha na sikushauri, ila huo uamuzi wao ndo utafute kwenye spika yoyote.

Kwa ukaribu wa chini ya mita moja mimi ningeangalia aina mbili. Ya kwanza ni zile ambazo twita imewekwa katikati ya koni, KEF wanaita Uni-Q tangu 1988 na LS50 ya 2012 ni ya ukoo huo, hapa lile tatizo la kuinuka na kushuka kichwa linapungua sana kwa sababu sauti yote inatoka sehemu moja. Ya pili ni koni moja peke yake ya inchi 3 au 4 bila krosova yoyote, kama za kampuni ya Fostex, nyingi unatengeneza boksi mwenyewe au fundi seremala anakutengenezea. Sauti ya mtu inakuja nzima, trebo inabana ukikaa pembeni na haitaki volyumu kubwa, vitu ambavyo wewe huna shida navyo. Ya koni na twita za kawaida nayo sio mbaya, ila chagua ambayo koni na twita zimekaribiana sana.

Dukani, iwe Kariakoo ya Dar au Luthuli Avenue ya Nairobi, watakuwekea bongo fleva volyumu juu, meza nzima inatetemeka. Mwombe kwa upole ashushe. Toa rekodi ya mtu wako, kaa sentimita 80, spika moja kwanza, halafu mbili, shusha mpaka pale unaposikiliza nyumbani, na uangalie kama maneno bado yana mwanzo na mwisho, kama pumzi kati ya sentensi inasikika. Akisema hivyo huwezi kuijua spika, mwambie hivyo ndo itakavyotumika. Mimi zangu za sasa nilizichagua hivyo, kaseti ya bibi kwenye simu, na pale kwenye kelele zote za mtaa nilisikia anavyomeza mate kabla hajataja jina la fisi, kitu ambacho nilikuwa nakikumbuka kutoka mkekani kwake lakini sijawahi kukisikia kwenye ile rekodi.